Mgeni Hali Peke Yake

Watu wa Namatala, mtaa wa mji wa Mbale, Uganda, si wepesi wa kushangaa, lakini asubuhi ile waliacha shughuli zao wakatazama. Sajini Ojok wa magereza, mtu wa miraba minne, sare yake imepigwa pasi ikanyooka, alikuwa anapita kati ya vibanda huku amekumbatia chungu kifuani kama mzazi aliyetoka leba. Alikuwa anachungulia kila jiwe asije akajikwaa. Alipofika penye nyumba moja ya baraza pana, akawauliza wazee waliokuwa wameketi hapo, kwa Kiswahili chake cha kambini, "Nyumba ya Mzee Nasur iko wapi?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema hajapata kulisikia jina hilo. Mwingine akasema labda ng'ambo ya mto. Wa mwisho akashikwa na kikohozi. Ukweli ni kwamba walikuwa wamekalia baraza ya Mzee Nasur mwenyewe, lakini sare ikikuuliza mtu kwa Kiswahili, Mbale hii, humjui. Walijifunza hivyo katika miaka mibaya, na somo la viboko halisahauliki upesi.

Ojok hakukasirika. Akaweka chungu chini, akavua kofia, akasema, "Mimi ni Zubairi."

Yule mzee wa kikohozi akapona papo hapo. "Zubairi wa Mama Mariat? Yule askari wa kanzu?"

Ndiye huyo. Mwanzoni mwa mwaka themanini na sita, jeshi lililoshindwa Kampala lilikuwa linakimbilia mashariki, likapita Jinja, likapita Mbale, likielekea kaskazini. Ojok alikuwa kuruta mwenye homa kali, na lori la wenzake halikumngoja. Mzee Nasur, mchuuzi wa ngozi, alimkuta amejikunyata nyuma ya choo chake, anatetemeka. Alikuwa na kila sababu ya kupiga yowe. Juzi yake tu watu waliovaa sare kama ile walikuwa wameondoka na baiskeli yake na mabati ya jiko. Lakini mkewe, Mama Mariat, alitoka na taa, akamtazama yule kijana usoni, akasema, "Huyu ni mtoto wa mtu." Basi wakamvika kanzu na kofia ya kufuma, wakampa jina la Zubairi, wakamtibu, wakamficha mpaka njia ya kwao ilipofunguka. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulinyamaza.

Ojok hakurudi kushukuru. Usimhukumu haraka, maana hakusahau hata siku moja. Ila kwao, mtu aliyekuokolea roho hashukuriwi kwa maneno matupu. Unampelekea kitu kilichoota kwenye shamba lenu na kupikwa na mama yako mzazi. Waswahili nao husema mkono mtupu haulambwi, na Ojok aliishika methali hiyo kama amri ya jeshi. Sasa shamba lenyewe lilikuwa kaskazini, katikati ya vita. Mama yake alikuwa amefungiwa katika kambi ya wakimbizi pamoja na maelfu ya wenzake, anakula unga wa msaada. Ojok akaajiriwa magereza, akahamishwa huku na huku, mwishowe akaletwa Jinja na kupata chumba katika mtaa wa Walukuba. Kutoka hapo hadi Mbale ni mwendo wa asubuhi moja. Hata hivyo hakwenda, wala hakutuma salamu, kwa kuwa salamu tupu aliiona ni dharau. Kila mwaka alijiambia, "Vita ikiisha."

Miaka ishirini ikapita, vita ikaisha. Bunduki zikanyamaza kaskazini, watu wakaanza kutoka kambini mmoja mmoja kama kuku wanaojaribu mlango. Mama yake akarudi kwenye kiwanja kilichogeuka pori, akafyeka, akapanda karanga na ufuta, ambao huko huitwa simsim. Mavuno ya kwanza hakuyauza wala hakuyaonja. Aliyakaanga, akayasaga pamoja mpaka yakawa odii, siagi ile nzito ambayo mafuta yake huelea juu yakimeta, heshima ya juu kabisa ambayo mtu wa kwao anaweza kumpa mgeni. Akajaza chungu, akakituma Jinja na maneno machache: "Mpelekee yule mama yako mwingine."

Na huyo mama mwingine, wazee wakamwambia, yuko hospitali tangu juzi. Mzee Nasur walikwisha kumzika zamani. Ojok akarudisha kofia kichwani, akakibeba chungu chake tena.

Wodini alimkuta Mama Mariat amelala chali, mpira wa maji mkononi, amekuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka. Kando yake alikuwa Hasifa, kitinda mimba wake, mwenye macho mekundu na sahani iliyofunikwa mkononi. Mama Mariat aliiona sare kwanza, akakunja uso. Halafu akapandisha macho.

"Zubairi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Akamshika mkono, akacheka, kicheko kikamchoma tumbo, akafumba macho. Chozi likamtoka likaingia sikioni. Ojok alipiga magoti hapo hapo kwenye saruji, na moyo wake ukajaa furaha hata akasahau kukiweka chungu chini.

Daktari Nangobi alikuwa bado amesimama kando ya kitanda, na kwa sura yake alikuwa amekwisha kubembeleza sana. Hasifa ndiye aliyemweleza Ojok habari. Mama alikula pilau ya harusi kwa jirani, usiku ule tumbo likamkata mpaka mgongoni, akatapika hadi akabaki hana kitu. Kumbe vijiwe vya nyongo vilikuwa vimeziba njia, na kongosho, kiungo kile kinacholala nyuma ya tumbo na kutoa maji ya kusaga chakula, likavimba. Mama Mariat alikuwa ameona haya kwanza, maana mgonjwa wa kitanda cha pili alinong'ona kwamba kongosho ni ugonjwa wa walevi, na yeye pombe hajui hata harufu yake. Daktari alimtetea mbele ya wodi nzima. Wamempa maji ya mshipa na sindano za maumivu, na leo ana nafuu. Tatizo lililobaki ni moja: hataki kula.

"Jaja," daktari akasema tena, akimwita bibi kwa lugha ya huko, "zamani na sisi tulifundishwa kumfunga mdomo mgonjwa wa kongosho. Siku nzima nzima hali kitu, eti kongosho lipumzike. Sasa imejulikana utumbo ukikaa bure unadhoofika, wadudu wanapenya, mgonjwa anazidiwa. Wewe hutapiki tena. Maumivu yameshuka. Kula leo, kidogo kidogo, chakula laini bila mafuta."

"Chakula ndicho kilichoniangusha, Daktari."

"Mafuta ndiyo yaliyokuchokoza. Na ukikataa hivi hivi, itabidi tupitishe mpira puani mpaka ndani, tukulishe kwa huo."

"Mpira puani sitaki."

"Basi kula, Jaja yangu." Daktari akashusha pumzi, akasema atarudi jioni kumwangalia, akaenda kwa wagonjwa wengine.

Mama Mariat akageuza kichwa. "Umebeba nini, mwanangu?"

Ojok akamwambia. Alimwambia yote, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, habari ya kambi na pori na shamba na mavuno ya kwanza. "Mama yangu natuma hii kwako. Yeye hapana onja hata kidogo."

"Mama yako yu hai?"

"Hai. Amerudi nyumbani."

"Alhamdulillahi." Mama Mariat akajiinua kwa kiwiko. "Hasifa, leta kijiko. Hiki nitakula."

Hasifa alikuwa amembembeleza tangu alfajiri kwa ndizi, kwa viazi, kwa kila kitu. Aliposikia neno "nitakula" aliruka kama aliyeitiwa zawadi. Ojok akafunua chungu, na harufu ya ufuta uliokaangwa ikatembea kitanda kwa kitanda. Ikafika mlangoni, ikamkuta Sista Khainza, muuguzi wa wodi, ambaye pua yake ilikuwa inafika kazini kabla yake.

"Afande! Hiyo hapana!"

Akalishika mkono jitu lile, akalitoa nje varandani kama anayetoa mbuzi shambani.

"Hiyo kitu ni mafuta tupu, Afande. Karanga, simsim, yote mafuta. Kongosho ya mama ikiona hiyo itawaka tena, na safari hii pengine hatutaizima."

"Kijiko moja tu, Sista. Nakuja kutoka mbali."

"Hata ya kulamba kidole, hapana. Unataka kumshukuru ama kumzika?"

Sista akarudi ndani. Ojok akabaki ameshika chungu, na kwa mara ya kwanza kikamlemea. Miaka yote ile alikuwa anangoja kuleta kitu hiki, kitu hiki tu, na kitu chenyewe ni sumu kwa mtu aliyekusudiwa. Asante ya punda ni mateke, akajiambia kwa uchungu. Na laiti angeweza kukiondoa na mambo yakaisha! Lakini mama alikuwa amekataa vyakula vyote duniani isipokuwa hicho. Akikiondoa, hatakula chochote, watamtia mpira puani, na akiendelea kukaa na njaa atazidiwa. Akikiacha, atakula na ataungua. Na kumnyang'anya mzee kitu ulichokwisha kumkabidhi, kwao Ojok, hilo huombi hata adui yako alifanye.

Akaingia ndani, akasema kweli. "Mama, hii hapana. Sista anasema itaua wewe."

"Nimemsikia. Sauti yake inafika Soroti." Mama Mariat alikuwa bado ameshika kijiko. "Lakini mgeni ameniletea chakula cha mavuno ya kwanza, kutoka kwa mama aliyelala njaa miaka yote hiyo, halafu mimi nikatae? Nasur atanitazama vipi huko aliko? Nipe kijiko kimoja. Kama ni kufa, nife na adabu zangu."

Hasifa akaanza kulia. Ojok, kwa kuwa hakuwa na kingine, akatumia sauti ya gereza. "Mama! Weka kijiko chini!"

Wodi nzima ilikaa wima. Mama Mariat peke yake hakutikisika. "Sauti hiyo, Afande, kapeleke kwa wafungwa wako."

Wagonjwa wakacheka, hata wale walioshonwa. Ojok naye akaona aibu, akaketi chini sakafuni, akamtazama mama huyu mkaidi ambaye zamani alitoka na taa akamwita mtoto wa mtu. Akaona wazi kwamba haogopi kufa na wala haogopi sauti yake. Anaogopa kitu kimoja tu, kukosa adabu kwa mgeni. Basi kama adabu ndiyo iliyomfikisha hapa, adabu hiyo hiyo ndiyo itakayomtoa.

Akafunika chungu, akampa Hasifa. "Hii ni ya nyumba," akasema. "Mama ataonja siku daktari atakubali. Imefika. Imepokelewa. Sivyo, Mama?"

"Imepokelewa," akasema Mama Mariat kwa shingo upande.

"Sasa Mama, mimi mgeni nimefika kwako. Tangu alfajiri sijakula. Nina njaa."

Mgeni amesema ana njaa mbele ya watu, na mwenyeji yupo. Mama Mariat alifumbua macho yote mawili. "Hasifa! Umekaa tu? Mpe mgeni chakula!"

"Chakula gani, Mama? Kipo hiki chako tu."

Chake kilikuwa ndizi zilizochemshwa na kupondwa laini, kipande cha samaki wa kuchemsha aliyetolewa ngozi, na chembe ya chumvi. Hasifa alikipika nyuma ya wodi, kwenye mafiga ya wauguzaji, mbele ya wanawake waliomcheka kwa kuinyima sufuria kitunguu cha kukaanga.

"Huwezi kumpa mgeni uchafu huo," akasema mama yake.

"Nitakula hiyo," Ojok akasema upesi. "Lete."

Hasifa akaweka sahani ukingoni mwa kitanda, akamnawisha. Ojok akaweka mikono magotini, akatulia kama mtu anayepigwa picha.

"Kula basi," akasema Mama Mariat.

"Mgeni hali peke yake, Mama."

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba ya Mzee Nasur. Mgeni akiwekewa chakula, mmoja wa wenyeji lazima anawe, aseme bismillahi, atangulie kuonja na kuendelea naye, hata kama ametoka kula sasa hivi. Kumwachia mgeni sahani peke yake ni kumtupia kama mbwa. Kwa ajili ya Zubairi, Mzee Nasur alikula chakula cha mchana mara mbili kila siku mpaka kanzu ikambana.

Mama Mariat akamnyooshea kidole. "Una hila wewe."

"Nilifunzwa kwenu, Mama."

"Na kama tumbo langu litachachamaa?"

"Sista yuko hapa. Daktari yuko hapa. Mimi niko hapa. Lakini mimi nasikia njaa sana."

Njaa yenyewe haikuwa ya uongo, tumbo lake lilinguruma wakati huo huo, na mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama, mwonee huruma mtoto wa watu." Mama Mariat akatoa mkono kwenye shuka. Hasifa akamnawisha.

"Bismillahi," akasema mama, akamega tonge dogo kama punje ya haragwe, akatia mdomoni.

Watu wote walikaa wakimtazama tumbo, kama wanaongoja chungu kichemke. Akatafuna. Akameza. Akasikiliza ndani yake. Hakuna kilichopiga kelele. Hapo ndipo Ojok alipomega la kwake. Alikuwa amekula chakula cha kambini na cha gerezani, na vyote vilikuwa na ladha kuliko hiki. Lakini alifumba macho akatafuna kama anayekula pilau ya Idi.

"Usinidanganye," mama akasema. "Kina ladha ya karatasi."

"Kitamu, Mama."

"Karatasi ya zamani."

"Kitamu sana." Akarudisha mikono magotini, akangoja. Mama akaguna, akamega tonge jingine na kipande cha samaki, kwa sababu afanyeje? Kila mama aliposita, Ojok naye alisita. Kila alipoendelea naye aliendelea, na mtu mwenye njaa ya kweli anayekula kwa mwendo wa punje za haragwe ni mtu anayeteseka, Hasifa aliliona hilo na kwa mara ya kwanza tangu juzi akacheka. Nusu ya sahani ilipokwisha, Sista Khainza akasema basi, inatosha. Kidogo kidogo, lakini mara nyingi.

Jioni daktari alimbonyeza tumbo, akamwuliza hali, akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Mpira wa puani ulibaki kabatini. Ojok akaomba ruhusa kazini, akabaki Mbale, na kila chakula kilipoletwa yeye alikuwa mgeni mwenye njaa: wali laini, viazi vya kuchemsha, papai, kuku asiye na ngozi. Maumivu yakazidi kushuka. Kuhusu odii, daktari alisema mpaka vijiwe vitolewe, na hata baada ya hapo iwe ya kuonja tu. Mama Mariat akaagiza igawanywe Namatala, kijiko kijiko, kwa wale walionyamaza mwaka ule.

Siku ya kuondoka kwake, Ojok alikaa sakafuni mahali pake, sahani kati yao, akasema lile lililokuwa linamsumbua. "Mama, nisamehe. Nimeleta zawadi ambayo wewe huwezi kula."

"Jinja umekaa muda gani?"

"Miaka, Mama."

"Na hukuja."

"Sikuwa na kitu mkononi. Nilingoja simsim."

Mama Mariat alirudisha tonge kwenye sahani. Aliposema hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Ojok zaidi. "Kila lori la kaskazini liliposimama sokoni, Nasur alikwenda kuuliza kama kuna anayemjua kijana mmoja mrefu aliyekuwa na homa. Watu walimwona amerukwa na akili. Mwaka mmoja tulikusomea dua kama marehemu. Halafu mimi nikakataa, nikasema huyu yu hai, nikaanza upya kukuombea kama mtu aliye hai. Nasur amekufa anauliza. Sisi hatukungoja simsim, mwanangu. Tulikuwa tunangoja kujua kama upo."

Sajini Ojok, ambaye wafungwa wa Jinja walikuwa wakinyamaza wakisikia viatu vyake, alifunika uso kwa mikono na kulia kwa sauti mbele ya wodi ya wanawake. Alilia kwa ajili ya mzee aliyekula mara mbili kila mchana kwa ajili yake na asiyeweza tena kuambiwa chochote. Alipomaliza, alikunjua mikono yake mikubwa, haina kitu, akainyoosha mbele.

"Asante, Mama," akasema. Hakuwahi kuwaambia neno hilo, hata siku ile alipoondoka na kanzu yao mwilini.

"Nimepokea," akasema Mama Mariat, akaishika mikono ile, akaiweka mapajani pake kidogo. "Na ya Nasur nimempokelea." Kisha akaiachia, akavuta sahani karibu, akamega tonge kubwa la ndizi.

"Haya, kula," akasema huku anatafuna. "Mimi nina njaa, na wewe unanichelewesha."